Jinsi ya Kupata Marafiki Katika Kongamano la Wanamazingaombwe: Mwongozo Kamili kwa Mgeni wa Blackpool

Kila mwezi wa Februari, wakati upepo wa Bahari ya Ireland unapouchapa ufukwe na watalii wa kiangazi wako makwao, mji wa Blackpool katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza hupokea wageni zaidi ya 3,000 wenye karata mifukoni na sarafu viganjani. Wageni hao ni wanamazingaombwe, nao huja kwa ajili ya kongamano linaloandaliwa na klabu ya mji huo, ambayo iliasisiwa mwaka 1934 na kuanza kuandaa kongamano lake mwaka 1953. Wamo mabingwa wanaojulikana ulimwenguni, lakini walio wengi ni walimu, madereva, wahasibu, wauguzi na wastaafu ambao riziki yao haitoki katika sanaa hii. Huifanya jioni, baada ya kazi, kwa sababu wanaipenda.

Mwongozo huu haufundishi mchezo wowote. Unaeleza jambo ambalo wageni wengi hulikosa hata baada ya kulipia kiingilio, nauli na chumba, yaani namna ya kuingia katika jamii ile na kutoka nayo ukiwa na marafiki. Msimamo wangu ni kwamba katika fani inayoishi kwa siri, imani ya watu huipati kwa wepesi wa vidole vyako. Wanakuamini kwa jinsi unavyoitunza kazi ya mwenzako mbele yake na akiwa hayupo. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Fahamu kwanza unaingia katika jamii ya namna gani

Mwenye kupenda mpira humaliza mechi akaizungumza na jirani, kinyozi na kondakta wa daladala. Mwenye kupenda mazingaombwe hana bahati hiyo. Akitumia miezi minane kujifunza namna ya kuificha sarafu kiganjani bila kidole kukakamaa, hana wa kumweleza furaha yake, kwa kuwa kumweleza mtazamaji ni kuuharibu mchezo, na watu wa nyumbani wameshaiona sarafu hiyo mpaka wameichoka. Upweke huu ndio uliozaa vyama. Mwaka 1902, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya mazingaombwe la Martinka jijini New York, kiliundwa Chama cha Wanamazingaombwe wa Marekani. Mwaka 1905 ilifuata The Magic Circle jijini London. Mwaka 1922 ukazaliwa Udugu wa Kimataifa wa Wanamazingaombwe, ambao mwanzilishi wake mmoja, Len Vintus, aliishi Winnipeg nchini Kanada na kuanza kuujenga kwa kuandikiana barua na wenzake waliokuwa mbali.

Ukilikumbuka hilo, utaelewa kwa nini watu wazima wenye heshima zao hukaa hadi saa tisa usiku katika sebule ya hoteli wakitazamana mikono. Wamekaa mwaka mzima bila mtu wa kuzungumza naye.

Kongamano lenyewe lina sehemu nne. Kuna maonyesho makuu ya jukwaani, mihadhara ambamo msanii huonyesha michezo yake na kuieleza, na ukumbi wa wauzaji wa vifaa. Sehemu ya nne ni vikao vya usiku, ambavyo havimo katika ratiba na ndivyo vyenye thamani kuliko vyote. Mgeni anayeifuata ratiba peke yake hulala mapema na kurudi nyumbani akiwa na mfuko wa vifaa, bila jina hata moja jipya.

Hatua ya kwanza: maandalizi ya miezi ya mwanzo

Kama unaishi Afrika Mashariki, anza na viza. Ombi la viza ya mgeni ya Uingereza hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya tarehe ya safari, kwa hiyo mwenye kusafiri katikati ya Februari aanze kushughulika katikati ya Novemba, akiwa na risiti ya kiingilio na uthibitisho wa chumba. Kutoka uwanja wa ndege wa Manchester zipo treni zinazokwenda moja kwa moja hadi kituo cha Blackpool North, na kutoka hapo hadi Winter Gardens, jengo la mwaka 1878 ambamo kongamano hufanyika, ni mwendo mfupi wa miguu. Beba koti zito lisilopitisha upepo. Mtu wa Mombasa au Muscat anayetarajia ufukwe wa kawaida kwa sababu ameambiwa Blackpool ni mji wa pwani atajuta.

Panga chumba karibu na Winter Gardens, hata kama kitakugharimu zaidi. Nyumba ndogo za wageni zinazotoa kitanda na kifungua kinywa zimejaa katika mitaa inayolizunguka jengo hilo, na faida yake haipo kwenye kitanda. Aliyepanga mbali huangalia saa kila mara, huondoka kikao kinapokolea, na hapati nafasi ya kula kifungua kinywa na watu watano wa hobi moja ambao hana budi kuwasalimia.

Kwa Mwislamu kuna jambo la kuzingatia katika miaka hii. Ramadhani ya mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo kongamano linaweza kuangukia ndani ya mfungo. Jambo hilo lisikuzuie. Katikati ya Februari jua la Blackpool huzama saa kumi na moja na dakika kadhaa jioni, vikao huanza kunoga baada ya saa nne usiku, na anayeamka kula daku huwakuta wenzake hawajalala. Vikao vingi hufanyika karibu na baa, lakini hakuna anayejali kama glasi yako ina bia au maji ya limau. Kila mmoja macho yake yako mikononi.

Kabla ya yote hayo, jaribu kujiunga na klabu ya karibu nawe ikiwa ipo. Mtu anayefika akiwa anafahamiana na watu wawili huwa na meza ya kuanzia, na watu wawili hao wana watu wao wawili pia.

Hatua ya pili: andaa mchezo mmoja, na uujue kikamilifu

Mgeni hujaza begi vifaa, akidhani kwamba wingi ndio utakaomtambulisha. Lete mchezo mmoja wa karibu, yaani wa kufanywa mezani mbele ya macho ya watu, usiozidi dakika tatu, unaoweza kuufanya huku unazungumza, huku umesukumwa bega, huku mtu ameketi upande ambao hukuutarajia. Ongeza wa pili kwa ajili ya dharura. Inatosha.

Mfano mashuhuri wa nguvu ya mchezo mmoja ni wa mwaka 1922 mjini Chicago. Harry Houdini, aliyekuwa rais wa chama cha Marekani wakati huo, alikuwa akijigamba kwamba hakuna mchezo atakaouona mara tatu mfululizo bila kuung'amua. Dai Vernon, kijana kutoka Kanada, alimpa karata atie alama ya herufi za jina lake, akaiweka chini ya karata ya juu, kisha akaigeuza ya juu: ilikuwa ile ile yenye alama. Houdini alitaka irudiwe, ikarudiwa, akataka tena, na kila mara alibaki palepale. Vernon aliendelea kuheshimiwa kwa miongo saba iliyofuata na vijana walimwita Profesa, lakini jambo la kuzingatia hapa ni kwamba usiku ule hakuhitaji begi.

Beba pakiti mbili za karata za kawaida zenye migongo ya rangi tofauti, nyekundu na bluu. Wengi hutumia karata za chapa ya Bicycle, na ukiwa nazo unaweza kumwazima mwenzako bila kuharibu mchezo wake. Sarafu nne zinazofanana, kipande cha kamba na kalamu nzito ya kuandikia juu ya karata havichukui nafasi. Ukiweza, beba pia kitambaa kidogo cha mezani chenye sponji chini yake, kwa sababu meza za hoteli zina utelezi, na mwenye kitambaa hualikwa kila meza.

Hatua ya tatu: mchana, katika ukumbi wa wauzaji na kwenye mihadhara

Ukumbi wa wauzaji humchanganya mgeni. Kila meza ina mtu anayeonyesha kitu kisichowezekana, na bei imeandikwa kwenye kadi. Usimwulize muuzaji siri ya kifaa kabla ya kukinunua, wala usisimame pembeni ukimweleza rafiki yako kwa sauti namna unavyodhani kinafanya kazi, kwa kuwa unamwibia riziki mbele ya wateja wake. Usinunue kitu cha nakala iliyoigwa ikiwa unajua aliyekibuni yumo ukumbini humo humo. Watu huona, nao hukumbuka.

Hata hivyo, muuzaji ni mtu wa thamani kubwa kwa mgeni, kwani anamjua kila mtu. Mwendee saa ambazo meza yake haina msongamano, hasa alasiri ya siku ya mwisho anapokuwa amechoka kusema maneno yale yale. Mpelekee kikombe cha chai, kisha umwulize ni nani mwingine humo ndani anayependa michezo ya kamba kama wewe. Atakuonyesha kwa kidole.

Kwenye mihadhara, fika mapema na uketi karibu na mtu aliye peke yake. Mhadhara ukiisha, mada ya mazungumzo mnayo tayari. Usirekodi kwa simu isipokuwa umeruhusiwa waziwazi. Msanii aliyepo mbele anauza maelezo ya kazi yake kwa njia ya mihadhara hiyo, na mtu anayerekodi kwa siri akionekana mara moja, milango mingi hufungwa kimyakimya bila yeye kuambiwa sababu.

Yapo pia mashindano. Wenye tuzo huzungukwa na umati, na hakuna haja ya kuuongeza. Mtafute aliyeanguka. Mwambie jambo moja mahususi uliloliona, kwa mfano kwamba njiwa wa pili alitokea mahali ambapo hukupatazama kabisa. Mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka miwili kwa ajili ya dakika chache za jukwaani, kisha akashindwa, hatalisahau neno hilo.

Hatua ya nne: kikao cha usiku

Hapa ndipo penye uzito, na nitakaa hapa kwa muda.

Baada ya onyesho la usiku, watu hutawanyika katika sebule za hoteli. Kwa mtu aliyekulia katika miji ya pwani yetu, mandhari haya yanafanana na baraza ya jioni: kila kundi lina mahali pake, kila mtu anaweza kusimama na kusikiliza, lakini kuna adabu ya kuketi. Meza moja ina watu sita. Kuna vikombe vya chai iliyopoa vilivyosukumwa kando, kitambaa cheusi katikati, na pakiti mbili za karata. Mzee mmoja anaonyesha jambo dogo mno, namna ya kuiachia karata ya juu ishuke bila kidole gumba kusogea, na watu watano wamenyamaza wakitazama gumba hilo. Anairudia polepole. Mmoja anajaribu, karata inaanguka chini, wanacheka wote, mzee anamshika kidole na kukisogeza kidogo nyuma. Hakuna aliyeangalia saa.

Utaingiaje hapo? Simama nyuma, mahali ambapo hauzuii mwanga wala haumtishi anayeonyesha kwa kuona upande wake wa siri. Watazame hadi mchezo unaoendelea umalizike. Kisha umwulize aliye karibu nawe kama unaweza kukaa kutazama. Sema kutazama, usiseme kuonyesha. Karibu kila meza itakusogezea kiti, kwa sababu kila anayeonyesha anahitaji macho mapya.

Ukishaketi, zingatia mambo haya, ambayo hayajaandikwa popote ukumbini lakini yanajulikana na wote.

Usiguse pakiti ya karata isiyo yako bila kuomba, hata kama imekaa mezani mbele yako, na hata kama unataka tu kuzichanga ili mikono isikae bure. Karata zinaweza kuwa zimepangwa kwa mpangilio maalumu wa zote 52. Kuna wanamazingaombwe, wafuasi wa shule ya Juan Tamariz wa Madrid wakiwemo, wanaoukariri mpangilio mzima kiasi kwamba ukitaja saba ya kopa watakwambia iko ya ngapi. Ukizichanga, umeiharibu kazi yake ya usiku ule, naye kwa adabu hatakwambia. Atazirudisha mfukoni na kutoa nyingine.

Mwenzako anapoonyesha, kuwa mtazamaji wa kweli. Akikuambia uchague karata, chagua ya kawaida. Usimvizie, usikamate mkono wake, usijaribu kumkomoa kwa kuvuta ya chini kabisa. Akikuzuga, furahi waziwazi. Kuna wanaodhani kwamba kukubali kuzugwa ni kushuka hadhi, ilhali furaha hiyo ndiyo iliyowaleta wote kwenye fani hii wakiwa watoto, na wengi wao hawaipati tena isipokuwa kwenye meza kama hizi.

Ukiwa unaujua mchezo, usiseme kwamba unaujua. Usitoe toleo lako la mchezo ule ule papo hapo ili kuonyesha kwamba lako ni bora. Tabia hiyo inachukiwa kote, na mwenye nayo utamwona siku ya tatu akihama meza baada ya meza. Na ukiwa umeiona siri kwa bahati mbaya, kaa kimya mbele ya wengine. Akikuuliza baadaye ulionaje, mweleze kwa vipimo: kwamba kutoka pembe uliyoketi, kidole cha shahada kilijitenga na vingine kabla karata haijageuzwa. Maoni ya aina hiyo hayapatikani kwa mtazamaji wa kawaida, na anayeyapokea atakutafuta kesho yake ili umtazame tena.

Watakapokugeukia na kukuuliza wewe unafanya nini, onyesha mchezo wako mmoja, umalize, unyamaze. Usiombe radhi kabla ya kuanza kwa kusema kwamba bado unajifunza. Wanaona.

Hatua ya tano: namna ya kuuliza, kupokea na kurudisha siri

Swali la kwanza linalomjia mgeni ni "umefanyaje?" Liache. Uliza badala yake kama mchezo ni wake mwenyewe au umetoka kwa nani. Swali hili linamheshimu, kwa kuwa linachukulia kwamba kuna mtu aliyefikiri. Linampa nafasi ya kutaja walimu wake. Na linamwachia uamuzi wa kukufundisha au kutokufundisha. Mara nyingi atakuambia jina la msanii na jina la kitabu, na hilo ni zawadi kubwa kuliko siri, kwani linakufikisha kwenye chanzo.

Zitenganishe siri kwa njia ulizozipata. Iliyochapishwa kitabuni au kuelezwa katika mhadhara unaweza kuitumia katika maonyesho yako, lakini taja jina la mbunifu unapozungumza na wenzako. Mbinu ya kuhesabu karata iliyobuniwa na Alex Elmsley, Mskoti, katika miaka ya 1950 bado inaitwa kwa jina lake kila usiku mezani, ingawa yeye alifariki mwaka 2006, na kijana anayeifanya bila kujua jina hilo husahihishwa mara moja, kwa upole. Siri uliyoinunua ni yako kuitumia, si yako kuigawa. Iliyofunuliwa mezani kwa kuaminiana ndiyo yenye masharti makali zaidi: usiirekodi, usiiandike mahali pa wazi, usiifanye mbele ya watu wala kamera bila idhini ya aliyekupa, na usimfundishe mtu wa tatu hata kama ni rafiki yenu wote wawili. Kama hujui sharti ni lipi, uliza palepale kama jambo hilo libaki mezani. Kuuliza tu kunakuinua.

Nawe uwe na cha kurudisha. Si lazima kiwe siri. Mtu aliyekulia Zanzibar, Lamu au Bagamoyo huenda akawa amewaona watumbuizaji wa mitaani wakiishikilia hadhira ya watu mia bila kipaza sauti, na namna wanavyofanya hivyo, kuanzia kuwapanga watoto mbele hadi kuuahirisha mwisho mpaka kofia imezunguka, ni maarifa ambayo meza ya Blackpool itayasikiliza kwa makini.

Wazee, wanawake na watoto mezani

Aliyelelewa kwa shikamoo hupata tabu kidogo, kwa kuwa pale mzee wa miaka themanini huitwa kwa jina la kwanza lililoandikwa kwenye beji yake, na akiitwa kwa cheo hutazama nyuma kuona ni nani anayeitwa. Mwite kama wanavyomwita wenzake. Heshima yako ionekane katika kumpisha kiti, kutomkatiza, na kumwuliza ni nani aliyemfundisha yeye. Ukikutana pale na mzee wa kutoka kwetu, hapo mpe shikamoo yake kamili. Wengine watauliza maana, na mazungumzo yataanza yenyewe. Wazee hawa hawatakuwepo siku zote. Tangu kifo cha Houdini mwaka 1926, wanamazingaombwe wana desturi ya kuvunja fimbo ya mazingaombwe juu ya jeneza au mbele ya picha ya mwenzao aliyefariki, na katika vyama vingi majina ya waliotangulia husomwa kila mwaka.

Kuhusu wanawake, jamii hii ina deni. The Magic Circle haikuwapokea wanachama wanawake hadi mwaka 1991. Miezi michache kabla ya kufungua mlango, Sophie Lloyd, akisaidiana na mwenzake Jenny Winstanley, alijigeuza kijana wa kiume aitwaye Raymond, akafanya mtihani wa chama akiwa na wigi na glavu, akafaulu na kupewa uanachama. Wanawake walipokubaliwa, alijitokeza na kueleza ukweli, naye akafukuzwa kwa udanganyifu. Chama cha watu ambao kazi yao ni kughilibu kilikasirika kwa kughilibiwa. Mwaka 2025 kilimwomba radhi na kumrudishia uanachama. Kwa hiyo, mwanamke akiketi mezani, usimchukulie kuwa amemsindikiza mume wake, usimfanye kila mara kuwa mtu wa kuchagua karata, na mwulize swali lile lile unalomwuliza mwanamume: unafanya nini?

Watoto na vijana wasikae na mtu mzima wasiyemjua peke yao. Mfundishe mtoto mezani, mbele ya mzazi. Mfano mzuri katika bara letu ni College of Magic ya Cape Town, iliyoanzishwa mwaka 1980, ambayo huwakusanya watoto wa matabaka yote na kuwafundisha kwa pamoja.

Mkikosana

Ugomvi hautakosekana, na karibu wote huhusu umiliki: nani alibuni, nani alichukua. Colon, kijiji kidogo cha jimbo la Michigan nchini Marekani, kinaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Harry Blackstone, msanii mkubwa wa jukwaani, alihamia huko katika miaka ya 1920 na kumkaribisha Percy Abbott kutoka Australia. Wakaanzisha biashara ya vifaa pamoja, ushirika ukavunjika upesi kwa ugomvi. Abbott alibaki kijijini humo humo, akafungua kampuni yake, na mwaka 1934 akaanza mkusanyiko ambao hadi leo hujaza kijiji hicho kila Agosti. Makaburi ya huko yana wanamazingaombwe wengi waliochagua kuzikwa karibu na wenzao.

Ukiona mtu anafanya mchezo wako bila kukutaja, zungumza naye faraghani, siku hiyo hiyo, ukianza na dhana kwamba hakujua. Katika sanaa hii watu wawili walio mbali hufikia wazo moja mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Usilipeleke jambo hilo kwenye meza nyingine kabla hujalifikisha kwake.

Hatua ya sita: baada ya kurudi

Kila usiku kabla ya kulala, andika nyuma ya ratiba majina ya uliokutana nao na jambo moja kuhusu kila mmoja: aliyependa sarafu, aliyetaja kitabu fulani, aliyekusahihisha kidole. Ndani ya wiki moja baada ya kurudi, waandikie. Usitume salamu za jumla. Taja jambo lile, useme umelifanyia kazi vipi, na uulize swali moja linalojibika. Wasiojibu waache, watatu watakaojibu wanatosha kwa mwaka mzima, na wakikubali mnaweza kukutana kwa video mara moja kwa mwezi.

Kisha anzisha kikao mahali unapoishi, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Leicester. Watu wanne wanatosha. Tafuta chumba chenye meza ya duara na mwanga unaotoka juu, na umweleze mwenye nyumba waziwazi kwamba ni sanaa ya burudani, ili majirani wasijaze wenyewe pengo la maelezo. Kubalianeni mapema kuhusu masharti matatu: hakuna kurekodi, kila mchezo unatajwa na chanzo chake, na kila anayekuja anaonyesha kitu, hata kama hakijakamilika. Sharti la tatu ndilo gumu kulisimamia, kwa sababu siku zote kuna anayependa kuchukua na kutotoa. Kila kikao anzeni na yeye, kabla chai haijamiminwa.

Mwakani, lipieni kiingilio mapema mkiwa kundi, na pangeni vyumba katika nyumba moja.